Jamaa wanataka kwenda ziwani Kisumu, wakiwemo watoto na wazee: boti ikaguliwe vipi?

Katibu wa Ukoo, Kondele

Hamjambo ndugu zangu. Mwezi wa Agosti ukoo wetu utakutana hapa Kisumu, na jamaa wanaotoka Nakuru, Eldoret na Kakamega wameomba, karibu kwa sauti moja, kwamba siku ya pili tuwapeleke Ziwa Victoria kwa boti. Tutakuwa watu 22, wakiwemo watoto saba walio chini ya miaka kumi na wazee wawili ambao magoti yao hayawaruhusu kuruka wala kukanyaga matope. Mpango ulioko ni kupandia Dunga, kupita Hippo Point tuone viboko, kisha kwenda hadi Ndere, kile kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa, tule chakula cha mchana huko na kurudi jioni jua likitua, kwa sababu vijana wanazitaka hizo picha.

Nilikwenda ufuoni kuulizia. Mwenye boti mmoja alinipokea vizuri sana, akanihakikishia kwamba boti yake moja inatutosha sote na kwamba jaketi za kuokolea maisha zipo. Nilipoomba kuziona alizivuta kutoka chini ya ubao wa omo, yaani mbele ya boti, zikiwa zimesokotana, zinanuka samaki na petroli, nyingine hazina vifungo na moja imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Za watoto hazikuwapo. Alisema mtoto atavaa ya mtu mzima na kukazwa kwa kamba. Sikubishana naye, lakini pesa sikutoa.

Sasa ninawaomba wanaolijua ziwa hili wanieleze, mtu asiye baharia atatambuaje boti iliyo salama na isiyo salama? Je, ni haki watu 22 wapande chombo kimoja? Na wazee wangu watapandia wapi, ikiwa kila ninapopatazama abiria wanabebwa mgongoni au wanavua viatu?

Nahodha wa Zamani, Dunga

Dada Katibu, umeuliza kuhusu boti, lakini mimi nitaanza na saa, kwa kuwa hiyo safari ya kurudi jua likitua ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hata jaketi ulizoziona. Ghuba ya Winam, yaani mkono huu wa ziwa tulio nao, imelala kutoka magharibi kuja mashariki kwa zaidi ya kilomita 50, na Kisumu iko kwenye pembe yake ya mwisho huku mashariki. Asubuhi maji huwa yametulia, kwa sababu upepo mwepesi wa usiku hutoka nchi kavu. Jua likishapanda, ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupaa, na ile ya ziwani huja kuchukua nafasi. Hapo ndipo upepo wa magharibi na kusini-magharibi huanza, mara nyingi kuanzia saa sita mchana hivi, na huzidi nguvu kadiri alasiri inavyosonga. Upepo huo huyasukuma mawimbi kupitia ghuba nzima mpaka yafike kwetu, na kwa kuwa upande huu kina ni cha mita chache tu, mawimbi yenyewe hayawi mapana na ya taratibu, bali huwa mafupi, yenye kusimama na kufuatana upesi, hata boti ndogo haijamaliza kuinuka kutoka kwa moja jingine limeshaifikia.

Sasa itazame safari yako. Ndere iko magharibi ya Kisumu, kwa hiyo mkirudi alasiri mawimbi yatawafuata kwa nyuma. Abiria hupenda hivyo, maana hawarushiwi maji usoni na boti inakwenda mbio, lakini nahodha anajua kwamba tezi, yaani nyuma ya boti, ndiyo sehemu ya chini zaidi ya chombo, imekatwa ili ibebe injini, na injini ikizimika hapo wimbi la kwanza litaingia ndani na la pili litaikuta boti imeshakuwa nzito. Tena alasiri ndiyo saa ya mawingu ya mvua yanayojikusanya upande wa milima ya Nandi na Kericho. Mkiona wingu jeusi ambalo ukingo wake wa chini umenyooka, na upepo uliokuwa wa joto ukageuka kuwa baridi kwa ghafla, dakika mlizo nazo ni chache, na ni za kuelekea ufuo wowote ulio karibu, si za kukimbilia mlikopandia.

Ushauri wangu ni kwamba msiende Ndere kutoka Dunga. Kodini gari hadi Kaloka, upande wa Seme, mvuke kutoka pale, kwa sababu kutoka Kaloka kisiwa kiko karibu na mtakuwa majini kwa muda mfupi tu. Ondokeni mapema, muwe mmerudi nchi kavu kabla ya saa sita. Picha za machweo zipigieni Hippo Point mkiwa mmesimama ardhini. Jua ni lilelile.

Kuhusu watu 22, jibu ni hapana. Chukueni boti mbili, tena ziende pamoja, maana boti ya pili ndiyo msaada wa kwanza wa ile nyingine. Watu wakishaketi wote na mizigo ikishapakiwa, mwambie nahodha asiwashe injini kwanza, kisha uinamie ubavu wa boti pale ulipo chini zaidi na upime kutoka kwenye maji hadi ukingoni. Mimi nilipokuwa kazini nilitumia mkono wangu, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Mkono usipoenea hapo, kuna watu wa kushuka, na mtoto ahesabiwe kama mtu kamili, asisemwe kwamba atapakatwa. Halafu kuna jambo la viboko, ambalo wageni hawalijui: hatari ya kwanza si kiboko, ni abiria wote kusimama na kuegemea upande mmoja wakiwa na simu mkononi. Waambieni kabla hawajapanda kwamba kila mmoja atapiga picha akiwa ameketi.

Karani wa Bima, Milimani

Namuunga mkono Mzee Nahodha, ila nashangaa kwamba hakugusia karatasi kabisa. Boti inayobeba abiria kwa malipo katika nchi hii inatakiwa iwe imesajiliwa na kukaguliwa, na chombo chenye mamlaka hayo ni Mamlaka ya Shughuli za Majini ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo ina ofisi yake hapa Kisumu. Sheria ya vyombo vya majini yenyewe ni ya mwaka 2009. Ulinzi wa majini uko chini ya Walinzi wa Pwani, ambao licha ya jina lao wanafanya kazi pia kwenye ziwa letu, tangu walipoanzishwa mwaka 2018. Kwa hiyo dada yangu usione haya kuomba cheti cha ukaguzi, uone tarehe yake na idadi ya abiria walioruhusiwa, kisha uulinganishe usajili huo na namba iliyopakwa ubavuni mwa boti. Mwenye boti akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu lako. Kila ufuo wa wavuvi pia una kamati yake ya usimamizi, na viongozi wa kamati hiyo wanajua vizuri nani huendesha akiwa amelewa na nani injini yake humzimikia kila wiki. Waulize hao kabla hujamuuliza mwenye boti.

Najua wako watakaosema kwamba cheti hakielei. Ni kweli. Lakini mnamo Novemba 2018, kwa jirani zetu Uganda, boti ya starehe ilizama katika wilaya ya Mukono ikiwa na watu waliotoka kwenye muziki na vinywaji, na zaidi ya 30 walifariki, si mbali na ufuo. Chombo hicho hakikuwa na leseni, kilikuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, na jaketi zilizokuwamo baadhi ya abiria walikataa kuzivaa. Mambo hayo matatu yangeweza kuonekana na mtu yeyote aliyesimama gatini kabla kamba hazijafunguliwa. Mkutano wa ukoo nao una vinywaji vyake, kwa hiyo naomba hilo lisemwe waziwazi: vinywaji viwe baada ya safari, kwa abiria na kwa nahodha pia.

Mwisho, mimi ningechagua boti ya faiba kuliko ya mbao. Hizi za mbao zinavuja, na kijana wa kukumba maji, yaani kuyatoa botini, huwa hapumziki.

Muuguzi na Mwalimu wa Kuogelea

Nitajibu kuhusu jaketi peke yake, maana hapo ndipo mzazi anadanganyika kwa urahisi. Nguvu ya jaketi ya kumwelesha mtu hupimwa kwa nyutoni, ambacho ni kipimo cha nguvu, na namba hiyo huandikwa ndani, kwenye kitambaa kilichoshonwa mgongoni au ubavuni. Jaketi ya 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na ambaye msaada uko karibu naye. Humsaidia, lakini haimgeuzi uso utazame juu iwapo amepoteza fahamu. Ya 100 ndiyo ya kutafutwa kwa abiria wa kawaida kwenye maji yaliyokingwa, na ya 150 ni ya maji ya mbali zaidi. Kama hakuna maandishi yoyote, basi hiyo ni fulana ya rangi ya chungwa tu.

Iminye sponji kwa vidole viwili. Nzuri hurudi mara moja. Iliyochoka hubaki na shimo, au husikika ikivunjikavunjika ndani kama mkate mkavu, kwa sababu jua na kukaliwa na watu vimeimaliza. Kisha ivae, ufunge vifungo vyote, na umwombe mwenzako aivute juu kwa mabega. Ikipanda hadi kwenye masikio haikufai, kwa kuwa majini itafanya vivyo hivyo na wewe utabaki chini yake.

Kwa mtoto, lile wazo la kumvika ya mtu mzima na kumkaza kwa kamba likataliwe kabisa. Mtoto ana mabega membamba, akiingia majini atateleza na kutoka kwa chini huku jaketi ikibaki inaelea peke yake. Jaketi za watoto huuzwa kwa kilo za mwili, si kwa umri, na zile za wadogo huwa na mkanda unaopita katikati ya mapaja pamoja na kola inayoinua kichwa. Wale saba wapimwe uzito nyumbani, halafu jaketi zao zinunuliwe au ziazimwe mapema. Usizitegemee za ufuoni. Maboya ya mkononi ya kupuliza, yale ya mabwawa ya hoteli, yabaki nyumbani.

Jambo moja lililo nje ya jaketi: wasiruhusiwe kuchezea maji ya kando kando yenye majani na konokono. Kichocho kipo katika ziwa hili, na mdudu wake huingia kupitia ngozi ya mtu aliyesimama tu majini. Kama mtu ataloa, ajikaushe upesi kwa taulo, na akipata homa au mkojo au choo chenye damu majuma kadhaa baadaye, amwambie daktari kwamba alikuwa ziwani.

Katibu wa Ukoo, Kondele

Nawashukuru sana. Hoja ya Kaloka imeshapita kwenye kamati yetu ndogo, ingawa vijana wamenuna. Ninabaki na maswali mawili. La kwanza ni la wazee: gati nililotarajia tulitumie lina ngazi za saruji ambazo mbili za mwisho zimo ndani ya maji na zimeota utelezi wa kijani. La pili, mtoto mmoja ana miaka miwili na hulia akivalishwa chochote chenye kola. Tumwache, au tumshike tu mapajani?

Mkazi wa Naivasha

Mimi niko Kaunti ya Nakuru, na ziwa letu ni dogo mno mbele ya lenu, lakini habari ya magati tunaifahamu vizuri. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipopanda kufikia mwaka 2020, magati yaliyojengwa kwa saruji yalizama na hoteli kadhaa zikahamisha mahali pa kupandia. Mwaka huohuo Ziwa Victoria nalo lilipita kiwango cha 1964, ambacho kilikuwa ndiyo rekodi. Funzo tulilopata, na ambalo naona fuo nyingi hazijalizingatia, ni kwamba gati la kudumu hujengwa kwa kiwango kimoja cha maji ilhali ziwa halina kiwango kimoja. Gati linaloelea, hata likiwa la mbao juu ya mapipa matupu yaliyozibwa, hupanda na kushuka pamoja na maji, na kimo kati yake na ukingo wa boti hakibadiliki. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda na kubebwa. Ulizia kama Kaloka au ufuo wa jirani una gati la namna hiyo. Kama halipo, boti iletwe hadi omo iguse mchanga, iwekwe ngazi fupi ya mbao yenye kishikio, watu wawili waishike boti kwa pande zote mbili, na mzee apande akiwa anatazama boti, kisha aketi katikati mara moja. Ngazi zenye utelezi wa kijani ziacheni. Mvunjiko wa nyonga kwa mzee ni msiba wa mwaka mzima.

Kuhusu viboko, nyie mnawaona kwa mbali pale Hippo Point, sisi tunaishi nao. Mchana hukaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na mafunjo, na anaweza kuwa chini kwa dakika kadhaa bila kuonekana, kwa hiyo idadi unayoihesabu si idadi iliyopo. Boti isipite kamwe kati ya kiboko na maji ya kina, wala kati ya jike na mtoto wake, na injini isizimwe ili watu wapige picha kwa utulivu, maana ndiyo njia yenu ya kuondoka. Nchi kavu pia anaua. Mwaka 2018 mtalii aliyetoka Taiwan aliuawa kando ya ziwa letu alipokuwa akipiga picha, wala hakuwa kwenye boti. Huko Hippo Point jioni, mkiwa kwenye hizo picha za machweo, msishuke hadi ukingoni pa maji, kwa sababu hiyo ndiyo saa yao ya kutoka kwenda malishoni.

Mtoto wa miaka miwili asiyevaa jaketi asipande. Tena anayempakata asimfunge kwenye mwili wake kwa leso. Mvalisheni jaketi nyumbani kwa siku kadhaa kabla, akiwa anacheza, atazoea. Asipozoea, abaki ufuoni na shangazi mmoja.

Nahodha wa Zamani, Dunga

Ninarudi kwa mambo mawili, la kwanza likiwa la ndugu yangu Karani. Boti ya mbao iliyotiwa kalafati vizuri, yaani iliyozibwa maungio yake, haina aibu yoyote, na kukumba maji kidogo ni desturi yake. Faiba ikitobolewa au ikijaa maji, na haina vyumba vya hewa au sponji ndani ya mabavu yake, huenda chini ikivutwa na injini. Mbao hujaa maji lakini kwa kawaida hubaki usawa wa uso wa ziwa, na watu wakaishikilia. Kwa hiyo muulizeni mwenye faiba hivyo vyumba viko wapi. Muulizeni mwenye mbao aonyeshe sakafu kwa kuinua ubao wa katikati: maji ya kufunika kidole cha mguu si neno, lakini yakiwa na mkondo unaouona ukiingia kwenye maungio, tafuteni boti nyingine. Na chombo chochote kikipinduka, msikiache mkajaribu kuogelea kwenda ufuoni, hata kama ufuo unaonekana karibu. Boti huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

La pili ni gugumaji, ule mmea unaoelea, ambalo nashangaa hakuna aliyelitaja. Limo ziwani tangu miaka ya mwisho ya 1980, na halikai mahali pamoja. Upepo hulisukuma, na hori mliyoikuta wazi jioni mnaweza kuikuta imefungwa asubuhi. Likiingia kwenye panga la injini, lile linalozunguka majini, injini huchemka na kuzima. Nahodha mzuri huizima mwenyewe kwanza, huinua panga na kuyakata majani kwa kisu. Asiye na kisu, makasia mawili na ndoo ya kukumbia maji, huyo hajajiandaa, hata injini yake ikiwa Yamaha mpya. Mkizingirwa, mtu asishuke akidhani atatembea juu ya lile zulia. Kaeni ndani, mpige simu ufuoni, au namba 112 kama hali ni mbaya.

Angalia pia ile kamba nyekundu fupi inayounganisha swichi ya injini na mkono wa nahodha. Akianguka majini, kamba huchomoka na injini inazima, badala ya boti kuzunguka na kurudi kumkata. Wengi huifunga kwenye injini yenyewe ili isiwasumbue. Mwombe aivae mbele yako kabla hamjaondoka.

Na asubuhi ya safari, kabla ya kutoka Kondele, soma utabiri wa ziwa unaotolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Andika majina ya wote walio katika kila boti, pamoja na namba ya boti, simu ya nahodha na saa mnayotarajiwa kurudi, umwachie huyo shangazi atakayebaki na mtoto. Mkichelewa nusu saa bila kupiga simu, asisubiri: aende kwa kamati ya ufuo na karatasi hiyo mkononi.